Ugenini kimasomo: uende kwa watu wa kwenu, timuni, kwayani au ubaki mtandaoni?

Unaweza kukaa dawati moja na mtu mwaka mzima, mkaazimana daftari na kunong'onezana majibu, na bado usijue anaishi na nani. Wanafunzi wengi waliohamia nchi nyingine hujilaumu kwa hilo. Wasijilaumu. Jeffrey Hall, mtafiti wa mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Kansas, aliwachunguza watu wazima waliotoka kuhamia mahali papya pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mwaka 2018 akatoa makadirio yake: kama saa 50 za kuwa pamoja ndipo watu waitane marafiki wa kawaida, kama saa 90 ndipo wawe marafiki hasa, na zaidi ya 200 ndipo wawe wa kushibana. Saa za kazini na darasani zilisaidia kidogo tu. Zilizojenga urafiki ni zile za kupiga soga, kucheza, kutaniana na kukaa pamoja bila ajenda.

Kwa hiyo swali la "wikendi nifanye nini" ni zito kuliko linavyosikika. Njia zinazomvuta mwanafunzi mhamiaji huwa hizi nne: jumuiya ya watu wa kwao, timu ya michezo, kwaya au kikundi cha sanaa, na mtandao. Ipo na ya tano, kujitolea, nayo nitaipitia haraka. Muda hautoshi kuzifuata zote, hasa ukiwa na mitihani na kibarua cha jioni, kwa hiyo ni bora kuzipima zote kwa vigezo vilevile.

Vigezo

*Marudio.* Je, ni watu walewale, siku ileile, kila wiki? Wanasaikolojia Roy Baumeister na Mark Leary walipoandika mwaka 1995 juu ya haja ya binadamu ya kuwa sehemu ya wenzake, walisisitiza mambo mawili yaende pamoja: kukutana mara kwa mara bila karaha, na uhusiano unaodumu ambao kila upande unamjali mwenzake. Hafla kubwa ya kuwapokea wageni mwanzoni mwa muhula haina hata moja kati ya hayo. Fanya hesabu kwa makadirio ya Hall: shughuli ya saa mbili kwa wiki itakufikisha kwenye saa 50 baada ya wiki 25, yaani karibu nusu mwaka. Anayeacha wiki ya nne kwa kuwa "sijapata rafiki" ameacha njia ikiwa bado haijafika hata robo.

*Lugha.* Kiasi gani cha lugha ya wenyeji kinahitajika kuingia, na kiasi gani kinahitajika kubaki? Ni maswali mawili tofauti.

*Nafasi.* Kuna kitu ambacho ni chako pale, hata kama ni kubeba mfuko wa mipira tu? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na wengi wetu tunakumbuka methali hiyo kama onyo kwa mgeni mvivu, lakini ukiwa wewe ndiye mgeni, siku ya kupewa jembe ndiyo siku njema. Kipimo chepesi: usipotokea wiki hii, kuna atakayeuliza?

*Gharama na karatasi.* Ada, vifaa, nauli, na vilevile usajili na masharti ya viza.

*Inakokupeleka.* Inakupa watu wa aina gani, na wao wanakufungulia mlango gani?

Utaona sikuweka raha miongoni mwa vigezo. Hiyo unaijua mwenyewe, na wiki za mwanzo haipimiki: ukiwa mgeni, karibu kila kitu kinachosha, hata ulichokipenda sana nyumbani.

Jumuiya ya watu wa kwenu

*Marudio.* Hapa watu hujidanganya. Kundi la WhatsApp linawaka usiku na mchana, jumbe mamia, lakini nyuso hukutana kwenye sikukuu, misiba na mikutano ya uchaguzi wa viongozi. Tafuta kikundi kidogo ndani ya jumuiya: wale wanaocheza mpira Jumapili, au wanaosomea pamoja Jumatano. Hicho ndicho kina marudio.

*Lugha.* Faida yake kubwa iko hapa, na wasiowahi kuishi ugenini hawaielewi. Kusikiliza lugha ngeni kuanzia asubuhi hadi jioni kunachosha kama kazi ya mikono. Ukifika kwa watu wa kwenu, yule ambaye darasani anajulikana kwa ukimya ndiye anayeanzisha utani na kuumaliza, anamkatiza mwenzake, anaiga sauti ya mwalimu mpaka watu wanashika mbavu. Hajabadilika, amerudishiwa ulimi wake tu. Kwa mwanafunzi aliyekaa wiki nzima akionekana mpole kuliko alivyo, saa mbili za namna hiyo ni dawa.

*Nafasi.* Utaipata upesi, wakati mwingine upesi mno: mwezi wa pili umeshakuwa mweka hazina. Shida ni kwamba nafasi uliyokuwa nayo nyumbani nayo imepanda ndege. Nani mtoto wa nani, nani anatoka upande gani, nani ana fedha, yote yapo. Na habari zako huwafikia wazazi kabla hujazisimulia mwenyewe.

*Gharama na karatasi.* Hakuna usajili wa kukutia jasho. Michango ndiyo inayokuja bila ratiba, na kukataa ni kugumu kuliko kulipa. Weka kiwango chako mapema, kisha ukishikilie.

*Inakokupeleka.* Waliotangulia wanajua fomu gani hujazwa wapi, mwenye nyumba yupi ni msumbufu, mwalimu gani anapokea wageni vizuri. Mtaalamu wa siasa Robert Putnam aliwazoesha watu kutofautisha uhusiano unaofunga walio sawa na uhusiano unaounganisha walio tofauti. Jumuiya ya kwenu ni bingwa wa ule wa kwanza. Katika ule wa pili ni dhaifu, na udhaifu huo una bei yake: tangu mwanasosholojia Mark Granovetter alipoandika mwaka 1973, inafahamika kwamba habari za nafasi za kazi mara nyingi hutoka kwa watu tunaofahamiana nao kidogo, kwa kuwa wao wanajua tusiyoyajua sisi na marafiki zetu wa karibu.

Hata hivyo, ule ushauri wa "usikae na watu wa kwenu, hutajifunza lugha" siukubali ulivyo. Mwanasaikolojia John Berry na wenzake walichapisha mwaka 2006 matokeo ya vijana wahamiaji zaidi ya 5,000 katika nchi 13. Walioshika pande zote mbili, asili yao na nchi mpya, ndio waliokuwa na hali nzuri zaidi kwa jumla. Walioshikilia asili peke yake walikuwa na utulivu mzuri wa moyo, ila shule na maisha ya nje viliwalegea. Walioyumba zaidi ni wale wasiokuwa na kwao popote. Anayewakimbia watu wa kwao kabla hajapata wengine anajisogeza kwenye kundi hilo la mwisho.

*Inamfaa nani.* Aliyefika karibuni, aliyefiwa au mwenye shida ya karatasi, na anayeishi peke yake. Haimtoshi anayetaka kubaki nchi hiyo baada ya masomo.

Timu ya michezo

*Marudio.* Hakuna njia inayoishinda. Mazoezi siku maalumu, mechi mwisho wa wiki, ratiba imebandikwa. Huhitaji kujipendekeza kwa mtu ili akualike. Usipokuja pengo linaonekana kwa macho: safu ya ulinzi ina watu watatu.

*Lugha.* Mlangoni ni rahisi. Maneno ya uwanjani ni mafupi, hurudiwa kwa kelele, na mkono unaonyesha kabla mdomo haujasema. Kwa wiki mbili tatu unayo yote. Mtihani uko kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Filimbi imelia, watu wameketi, mmoja anafungua kamba za kiatu taratibu, mwingine anasema sentensi moja ya haraka na wote wanaangua kicheko. Nawe unacheka pia, nusu sekunde baada yao. Wengi huvaa koti na kuondoka hapo hapo, wakawahi basi. Kwa maoni yangu zile dakika 20 za baada ya mechi zina thamani kuliko mechi, na atakayezikwepa msimu mzima anaweza kuumaliza akijua namba za migongo tu. Kaa. Jipe kazi ya kukusanya koni au kukunja fulana ili mikono iwe na la kufanya, masikio yajifunze.

*Nafasi.* Una namba na una mahali pa kusimama. Lakini nafasi hii inategemea kipaji: mwenye uwezo wa kati kwenye timu kali atalijua benchi kuliko uwanja. Chagua daraja la chini ambako utacheza.

Pia usiamini kila msemo wa "michezo huunganisha watu". Mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza mwaka 1954 kwamba kukutanisha makundi tofauti hupunguza chuki pale washiriki wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano wa kweli, na wenye mamlaka wanapouunga mkono mkutano huo. Timu nzuri inatimiza yote manne. Timu mbaya inawapanga wageni upande mmoja wakati wa mazoezi na kumwacha mpinzani atukane. Kabla ya kulipa ada, nenda ukatazame mechi moja na umwangalie kocha: mchezaji akitukanwa kwa rangi au lafudhi yake, anafanya nini?

*Gharama na karatasi.* Viatu, ada, nauli ya mechi za ugenini, wakati mwingine cheti cha daktari na bima. Kwenye soka kuna jambo linalowashangaza wazazi. Kanuni za FIFA zinazuia uhamisho wa kimataifa wa wachezaji walio chini ya miaka 18, isipokuwa kwa vighairi maalumu, mojawapo ikiwa wazazi wamehama kwa sababu zisizohusu mpira. Na kuanzia umri wa miaka 10, mtoto aliyekuwa amesajiliwa katika nchi moja huhitaji cheti cha uhamisho wa kimataifa ili asajiliwe katika nchi nyingine. Klabu ndiyo inayofuatilia, lakini wewe ndiwe mwenye vyeti vya kuzaliwa na vibali vya ukaazi, kwa hiyo viandae kabla msimu haujaanza. Mazoezi anaweza kufanya. Ni mechi za ligi zinazosubiri.

Kwa wasichana wanaovaa hijabu: FIFA iliiruhusu uwanjani mwaka 2014, na FIBA ikafanya hivyo kwa mpira wa kikapu mwaka 2017. Hilo halimalizi mambo kila mahali. Shirikisho la soka la Ufaransa linaikataza katika mashindano yake, na mwaka 2023 mahakama ya juu ya utawala nchini humo ikasema lina haki ya kufanya hivyo. Uliza kanuni za shirikisho la pale ulipo, usitosheke na kauli ya klabu.

*Inakokupeleka.* Kwa wenyeji moja kwa moja, na wa kila kazi. Ila goti likiteguka, ratiba yote ya urafiki inakwenda nalo. Ukiumia, endelea kwenda. Hata kushika saa pembeni kunakuweka ndani.

*Inamfaa nani.* Anayeona aibu kuanzisha mazungumzo lakini mwili wake hauoni aibu. Anayehitaji kulazimishwa na ratiba. Haimfai ambaye kushindwa humharibia wiki nzima.

Kwaya na vikundi vya sanaa

*Marudio.* Mara moja kwa wiki, kwa kawaida mwaka mzima, na mazoezi huongezeka tamasha linapokaribia.

*Lugha.* Unaweza kuimba lugha usiyoijua kuzungumza. Matamshi yako yatasahihishwa, lakini mwalimu wa kwaya humsahihisha kila mtu, wenyeji wakiwemo, kwa hiyo lafudhi haikutengi. Tamthilia ni kinyume chake: inadai lugha kuanzia siku ya kwanza. Kuchora, kufinyanga na kushona viko katikati, kwa kuwa mikono inafanya kazi na mdomo unazungumza ukitaka.

*Nafasi.* Ukishapangiwa sauti, umepata mahali. Unasimama palepale kila wiki, kulia kwako mtu yuleyule, na mnashirikiana karatasi moja ya noti. Ukipotea kwenye mstari, kidole chake kinakuonyesha mlipofika. Urafiki mwingi wa kwaya huanzia kwenye kidole hicho, bila sentensi hata moja. Kwaya pia ina huruma ambayo timu haina: sauti ya wastani katikati ya sauti nyingi ina kazi yake.

*Gharama na karatasi.* Kidogo. Baadhi hufanya usaili wa sauti, nyingi hazifanyi. Nyingine ni za kidini, ingia ukijua.

*Inakokupeleka.* Mwaka 2015 watafiti Eiluned Pearce, Jacques Launay na Robin Dunbar walilinganisha madarasa ya jioni ya watu wazima, ya kuimba, ya kazi za mikono na ya uandishi, kwa muda wa miezi saba. Waimbaji walisogeleana mapema kuliko wengine. Kufikia mwisho madarasa mengine yalikuwa yamewafikia. Kwa mgeni matokeo haya yana maana ya moja kwa moja: wimbo huvunja ukimya wa mwanzo haraka, lakini aliyechagua ufinyanzi hajakosea, avumilie tu. Watu utakaowapata mara nyingi wamekuzidi umri sana. Usiwadharau. Ndio wenye muda wa kukusikiliza, na baadhi yao ndio wenye chumba cha kupangisha.

*Inamfaa nani.* Mwoga wa ushindani, na anayekosa watu wazima wa kumtazama kama wazazi. Anayetaka rika lake peke yake atachoka.

Mtandaoni: gemu na simu za nyumbani

*Marudio.* Huenda yakawa mengi kuliko yote: kundi lilelile, kila usiku.

*Lugha na nafasi.* Lugha ni yako, na nafasi ni ya kweli. Rafiki wa miaka kumi anayekucheka kwenye simu anakujua kuliko yeyote wa chuoni. Anayeuita muda huu wa kupotea hajawahi kusubiri simu.

*Gharama na karatasi.* Bando, na usingizi. Saa zinapopishana, wenzako wako macho wakati wewe unatakiwa kulala, na kipindi cha kwanza asubuhi hakikusubiri. Weka siku maalumu za simu ndefu. Nyingine tumieni ujumbe wa sauti, ambao husikilizwa mtu akipata nafasi.

*Inakokupeleka.* Ulikotoka, mara nyingi. Lakini gemu ina ujanja ambao wazazi hawauoni: ukiicheza na wanafunzi wa darasani kwako, inageuka kuwa timu ya michezo bila nauli. Maneno mafupi, lengo moja, na utani masikioni. Kwa kijana wa sekondari huenda ndio mlango uliokaribu kuliko yote.

*Inamfaa nani.* Aliye wiki zake za mwanzo, aliye kwenye mji usio na watu wa kwao, mwenye ulemavu ambako usafiri ni tabu, na anayebaki nyumbani jioni kulea wadogo zake. Hatari ni kuifanya ya pekee kwa miezi.

Kujitolea, kwa ufupi

Nafasi utapewa dakika ya kwanza. Jembe liko mkononi. Marudio yanategemea shirika, na lugha hutegemea kazi. La kuangalia ni viza. Uingereza, kwa mfano, mwanafunzi wa shahada mwenye viza ya masomo kwa kawaida ana kikomo cha saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula, na kazi isiyolipwa inaweza kuhesabiwa ndani yake ikiwa ina sura ya ajira. Uliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kusaini chochote. Mimi ningeiweka kama shughuli ya pili, kwa kuwa ni rahisi kumaliza muhula ukiwa umehudumia watu wengi na hujakaa na yeyote.

Kwa hali yako

Kama una chini ya miezi mitatu na usiku unalia, anza na watu wa kwenu na simu za nyumbani bila kuona haya. Chagua siku moja tu ya wiki kwa ajili ya kitu cha wenyeji, na uanze na kile kinachohitaji maneno machache.

Kama una mwaka na marafiki zako wote mnatoka nchi moja, usiwaache. Watafiti wakiongozwa na Stephen Bochner walionyesha mwaka 1977 kwamba wanafunzi wa kigeni huwa na duara tatu za urafiki, kila moja na kazi yake: ya watu wa kwao kwa kutunza asili, ya wenyeji kwa mambo ya masomo, na ya wageni wa nchi nyingine kwa burudani. Hiyo ya tatu husahaulika, na ndiyo nyepesi kuifungua: kila mmoja ana lafudhi, hakuna anayemcheka mwenzake. Nenda na mmoja wa marafiki zako mjiandikishe pamoja kwenye kikundi cha aina hiyo. Mkiwa wawili, aibu inagawanyika.

Kama lugha inakukaba, kwaya kabla ya tamthilia, uwanja kabla ya klabu ya midahalo. Kama lugha unayo na unachokosa ni kujulikana, geuza mpangilio huo.

Kama huna fedha, waulize wanaosimamia michezo au shughuli za wanafunzi kuhusu msamaha wa ada na vifaa vya kuazima. Mara nyingi vipo, ila havitangazwi.

Kama ratiba ya kibarua chako inabadilika kila wiki, timu itakutesa na kocha atakuchoka. Kwaya isiyo na usaili, karakana ya sanaa iliyo wazi siku kadhaa, au gemu na wanafunzi wenzako vitakuvumilia zaidi. Chagua kipindi kimoja ambacho utamwomba mwajiri asikiguse, na umwombe kabla hajapanga zamu za mwezi.

Na kama wewe ni mzazi unayemwambia mwanao "umeletwa kusoma, si kucheza", kumbuka kwamba kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinautaja mchezo na mapumziko kama haki. Mwache achague mwenyewe kati ya hizi. Kazi yako iwe kuulizia usafiri wa kurudi, kumjua kocha au mwalimu wa kwaya kwa jina, na kusaini zile karatasi kabla ya tarehe ya mwisho.